Maumivu ya Kitanda cha Nne

Siku niliyopewa uinchaji wa Wodi ya Majeruhi, ukumbi mzima ulinipigia makofi, na mimi nikasimama pale mbele nikitabasamu huku kifua kinaniungua. Dokta Ngonyani, Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu ya Namihoro, alinishika bega akatangaza kwamba Sista Leokadia Mhagama ndiye atakayeongoza mabadiliko. Neno hilo analipenda sana. Analitamka kama mtu anayemung'unya peremende. Nilimuuliza pale pale, kwa sauti ya chini, mabadiliko gani hayo, akanijibu nitaelezwa wodini, tusiwacheleweshe watu chai. Ningekuwa na akili ningeiacha chai yao nikang'ang'ania jibu.

Kifua hakikuwa kinaniungua kwa furaha, wala sikuwa mgonjwa. Kile kilikuwa kifua cha Fulko, wa kitanda cha nne. Fulko ni fundi wa betri za matrekta. Moja ilimlipukia ikamchoma kuanzia shingoni hadi mapajani, na zamu ile ilikuwa yangu kumbeba.

Kubeba ndiyo kazi ya muuguzi siku hizi. Dawa kali za maumivu zilikwisha nguvu tangu tukiwa chuoni. Miili ya watu ilizizoea, ukimchoma mtu sindano ni sawa na kumchoma maji. Kilichobaki ni mkongo. Mgonjwa anabandikwa kibandiko kisogoni, muuguzi anavaa bangili, na bangili ikifungwa ikalia, maumivu yanahama. Kidonda kinabaki kwa mwenyewe, uchungu unakuja kwako. Mgonjwa anapata usingizi, moyo wake unatulia, nyama inaanza kujijenga. Bila hivyo mtu kama Fulko anauawa na maumivu kabla kidonda hakijapata nafasi ya kumuua. Mzigo unaweza kugawanywa, nusu kwako nusu kwangu, lakini hajatokea bado mtu aliyeweza kuutua chini ukabaki hauna mwenyewe.

Ratiba inapangwa huko juu. Jina lako likiwa kwenye zamu, unabeba, basi. Wanaotutazama kwa mbali wanasema wauguzi wa Namihoro wakali, wamekunja nyuso, hawacheki na mtu. Nyie mngeungua mchana kutwa halafu mrudi nyumbani kusonga ugali, tuone kama mngecheka.

*

Siku ile ile, kabla ya chakula cha mchana, Mfawidhi alikuja wodini na bangili mfukoni mwa koti. Hakwenda kwa muuguzi yeyote. Alikwenda moja kwa moja kitanda cha saba, akauinua mkono wa Mama Gaudensia.

Mama Gaudensia Ndunguru ni mwalimu. Ukuta wa darasa ulimwangukia, na tangu hapo hajafumbua macho. Wodini kwetu wapo wengine wa namna yake, tunawaita waliolala.

"Mabadiliko yenyewe ndiyo haya," alisema Mfawidhi. "Kuanzia leo, wanaobeba ni hawa."

"Dokta, huyu ni mgonjwa."

"Ni mgonjwa asiyehisi. Ubongo wake hauna habari, Sista. Maumivu yanaingia yanapotelea humo humo, kama maji mchangani. Majaribio nimeyaona kwa macho yangu."

"Ndugu zake wamekubali?"

"Hawajapinga."

"Wameambiwa?"

Alinitazama kwa ule uvumilivu wa watu wakubwa, unaokufanya ujione mtoto. "Sista Mhagama, wodi umepewa ili uwasaidie wauguzi wako. Waulize wao wanataka nini. Kiongozi anasikiliza."

Alijua anachofanya, mtu yule. Alijua kabisa nikiwauliza nitajibiwa nini.

Niliwakusanya kwenye chumba cha dawa. Wa kwanza kusema alikuwa Ansila Komba, aliyenifundisha mimi kazi hii, na ambaye kwa haki uinchaji ulikuwa wake. Walimruka kwa sababu mikono yake inatetemeka. Inatetemeka kwa kubeba.

"Leokadia," alisema, "mimi mwaka huu nimeungua, nimevunjika nyonga, nimekatwa mguu, na nimezaa mtoto aliyekwama, mimi ambaye nimeshakoma hedhi. Mume wangu akinigusa bega nashtuka. Kama kuna mtu anayeweza kubeba bila kujua kwamba anabeba, kwa nini nisiwekwe huru? Kwani mimi siyo mtu?"

Sekela, mdogo wetu, alifuata. Ana mtoto mchanga nyumbani. Alisema maziwa yamekauka tangu alipombeba yule mama wa ajali ya trekta, na mtoto ananyonya hewa mpaka analia. Halafu akafuta macho kwa ukingo wa gauni lake la kazi, na wenzake wote wakanigeukia mimi.

Mniambie nyie, ningesema nini? Nilisema tujaribu. Nilirudi kitanda cha saba na Mfawidhi akafunga ile bangili ya mfukoni, iliyounganishwa na kibandiko cha Fulko, kwenye mkono wa Mama Gaudensia mbele yangu. Ilipolia tu, kifua changu kikapoa. Sitadanganya, niliona raha ambayo sijawahi kuiona. Niliegemea ukuta nikapumua kama mtu aliyetolewa kisimani. Fulko alikuwa anakoroma. Mama Gaudensia alikuwa kama alivyokuwa, ila mapigo ya moyo kwenye kioo chake yalipanda, yakabaki huko huko juu. Mfawidhi alisema huo ni mwili tu.

*

Siku zilizofuata wodi ilibadilika kweli. Sekela alianza kuimba akipanga shuka. Ansila alileta maandazi ya nyumbani, akataniana na daktari wa zamu, akamwambia na kitambi chake kile angestahili kulazwa wodi ya wazazi. Nilisikia kicheko kwenye korido nikashindwa kukitambua, kumbe ni chetu. Sekela alinifuata akaninong'oneza kwamba maziwa yamerudi. Alinishika mikono yote miwili akasema, Inchaji, Mungu akubariki. Nilijiona kiongozi hasa.

Kisha asubuhi moja nikaisikiliza ripoti.

Ripoti ya asubuhi tunaifanya kwa kupita kitanda kwa kitanda, zamu inayotoka ikiikabidhi inayoingia. Na kwetu kila kitanda kinasalimiwa, hata cha waliolala. Unasimama kichwani unasema: shikamoo, Mama Gaudensia, tumeamka, leo ukungu umeshuka mpaka dirishani, tunataka kukugeuza upande wa pili. Halafu unanyamaza kidogo, kwa kadiri ambayo mtu angeweza kuitikia marahaba, ndipo unamshika. Wageni wanatucheka. Hakuna kitabu kinachofundisha hivyo. Mimi alinifundisha Ansila, tena kwa kunichapa kiganja, siku nilipomgeuza mzee mmoja aliyepoteza fahamu bila kumwambia neno. Umezaliwa porini wewe, aliniuliza, unamshika mtu mzima hujampa hata salamu?

Asubuhi hiyo Ansila ndiye aliyekuwa anakabidhi. Alimsalimia Fulko, akamuuliza amelalaje. Alimsalimia mzee wa kitanda cha tano. Alimsalimia wa sita, ambaye naye amelala lakini alikuwa bado hajafungwa bangili; alimwambia mwanaye alikuja jana na uji. Alipofika cha saba alitazama dripu, akatazama kioo, akasema, "Kipokezi kinafanya kazi vizuri," akapita.

Nikadhani amesahau. Nikamsubiri Sekela, aliyekuwa anapokea zamu, amsalimie yeye. Sekela alikuwa anatazama viatu vyake. Mwingine alijitia anakunja kitambaa. Wote walipita pembeni ya kile kitanda upesi upesi, kama wanaopita mbele ya nyumba ya mtu waliyemkosea.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Hawakusahau. Walikuwa wanajua. Hakuna mmoja wao aliyeamini ule upuuzi wa maji mchangani, maana kama wangeuamini wangemsalimia kama kawaida. Mdomo wa Ansila, uliomsalimia kila maiti-hai wa wodi ile kwa miaka yote, ulikuwa umegoma, na mwenyewe alijitia hamnazo.

"Dada Ansila," nilimwita. "Yule anaitwa nani?"

"Nani?"

"Wa kitanda cha saba."

"Unamjua."

"Nataka kumsikia kwako."

Alisema zamu yake imekwisha, akachukua mkoba wake akaondoka, na maandazi aliyobakiza hakumkaribisha mtu.

*

Nilitoa agizo langu la kwanza kama inchaji asubuhi ile ile. Nilisema Mfawidhi ameamuru waliolala wabebe, na mimi amri hiyo sijaifuta. Ila kuanzia kesho kila zamu bangili inafunguliwa, na anayetaka kuifunga tena atasimama kichwani pa mgonjwa, atamsalimia kwa jina, atamwambia anataka kumbebesha nini na cha nani, na atasubiri kama tunavyosubiri siku zote. Kisha afunge. Sikuongeza kitu.

"Hiyo ni njia ya kutunyanyasa," alisema Ansila siku iliyofuata, sauti imepanda. "Ungesema tu unakataza. Kwa nini unatuzungusha?"

"Mimi sijakataza. Ni salamu tu. Salamu imekuwa nzito lini?"

"Unajiona mtakatifu kwa sababu una cheo."

"Nina hasira, Dada Ansila. Utakatifu huo peleka kwa wanaoutaka."

Nilimfungua Mama Gaudensia bangili. Fulko akaanza kugugumia kule kitandani kwake. Sekela, ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye ratiba, aliichukua bangili haraka akakimbilia kitanda cha saba. Alikuwa na sababu kuliko sote, na mimi sikumlaumu. Alisimama kichwani.

"Shikamoo, Mama Gaudensia," alisema. "Ni mimi, Sekela. Nataka nikubebeshe maumivu ya Fulko, ameungua kifua, ameungua na..." Akaigeuza bangili mkononi. "Mama, nina mtoto."

Akanyamaza, akasubiri kama tulivyomfundisha. Ule ukimya wa kusubiri marahaba ni mfupi sana siku za kawaida. Siku hiyo uliendelea. Sekela alisimama pale bangili mkononi, akimtazama yule mama usoni, na kadiri alivyosubiri ndivyo alivyoshindwa. Mwisho aliiweka bangili juu ya shuka akatoka nje akilia. Baada yake alijaribu mwingine, huyo hata jina halikumtoka. Ansila hakujaribu kabisa.

Nilimbeba Fulko mwenyewe. Wenzangu walinipita bila kunisemesha, na chai waliyochemsha waliinywa wakaimaliza. Walinichukia, na nilijua nimewanyang'anya nini, maana nilikuwa nimekionja. Sekela angerudi kukauka maziwa.

*

Mfawidhi alipigiwa simu. Na nani, sikutaka kujua. Alifika wodini akiwa amekasirika kistaarabu, wanavyokasirika wakubwa, akaniuliza mbele ya watu wote ni kitu gani kimesimamisha mfumo mzima. Nikamweleza.

"Salamu?" alisema. "Hilo tu, Sista?"

"Hilo tu, Dokta."

Akacheka. Alinyoosha mkono nikampa bangili. Nilijivua mwenyewe nikampa, maana nilikuwa na hakika. Nilijua atasimama pale kichwani, naye yatamshinda kama yalivyotushinda sisi. Ndivyo nilivyojidanganya.

Aliinama kwa adabu zote. "Shikamoo, Mama Gaudensia. Mimi ni Mfawidhi wako. Tunakuomba utusaidie kumbeba kijana Fulko, ameungua kidogo. Ahsante sana, mama." Na kabla pumzi haijamrudi akafunga bangili. Ikalia. Mapigo kwenye kioo yakaruka juu. "Haya," alisema akijipangusa mikono, "amesalimiwa. Kuna jingine?"

Agizo langu lote nililijenga juu ya aibu ya watu, na nikasahau kwamba wapo ambao aibu hawana hata ya kuazima. Macho makavu kabisa. Wala hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

"Hajaitikia," ilisema sauti nyuma yangu. Alikuwa Ansila.

"Nani hajaitikia?" aliuliza Mfawidhi.

"Mama Gaudensia. Umemsalimia ukafunga, hukumsubiri aitikie."

"Sista, huyu hawezi kuitikia."

"Hivyo ndivyo na mimi ninavyosema," alisema Ansila.

Nilikwenda nikaifungua bangili. Kioo kikatulia, na kule kitanda cha nne Fulko akaamka kwa kuguna. Mkono wa Mfawidhi ulikuwa pale pale karibu yangu, na saa yake nzuri. Bangili inajifunga kwa kugusa tu. Nilitaka, wallahi nilitaka, mkono wangu ulishaanza safari. Kilichonizuia siyo woga. Nilijua tu kwamba nikimfunga nitakuwa nimefanya kile kile alichofanya yeye, tofauti ni kwamba wa kwangu ningemsikia akilia.

"Dokta," nilisema, "kijana anaumia. Unakubali kumbeba? Hata kidogo."

Mkono ukaingia mfukoni. "Mimi nina kikao."

"Kwa hiyo hapana."

"Hapana, bila shaka. Hiyo siyo kazi yangu."

"Sawa. Umesema hapana, na hapa hakuna atakayekulazimisha. Umeona ilivyo kazi ndogo? Mdomo unao, umeutumia. Sasa tuambie, Mama Gaudensia angekuwa nao wa kwake, angekujibu nini?"

Uso ulimbadilika hapo. Aliniambia kesho asubuhi nikabidhi funguo za wodi, na kijana akifa nitawaeleza mimi wazazi wake.

"Sista." Ilikuwa sauti ya Fulko, imekwaruza, macho mekundu. "Mnasema nani anabeba?"

Wagonjwa huwa tunawaambia mashine inayameza. Ndiyo maelekezo, eti wasijisikie vibaya. Katika ugomvi wetu wote, mwenye maumivu hatukuwa tumemkumbuka.

Nikamwambia. Nilimwambia sisi, na kwa siku kadhaa yule mwalimu wa kitanda cha saba, na kwamba hakuna aliyeulizwa, si yeye, si sisi, si mama yule. Aligeuza kichwa kwa shida akamtazama Mama Gaudensia. Machozi yalimtoka, sijui ya kidonda au ya nini.

"Ni yangu," alisema. "Nirudishieni."

"Yote yatakuua, Fulko."

"Basi nusu. Nusu nyingine mpe anayetaka mwenyewe."

Nikawageukia wenzangu, bangili mkononi. "Dada Ansila, unakubali?"

Nadhani tangu aajiriwe ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa. "Sikubali," alisema. "Leo siwezi."

"Sawa. Sekela?"

"Hapana, Inchaji. Mtoto."

"Sawa, mdogo wangu."

"Hayo ndiyo mabadiliko yako?" aliuliza Mfawidhi, tayari ameshika kitasa. "Umeuliza, wamekataa. Utampeleka wapi kijana?"

"Mimi sijaulizwa bado," nilimwambia.

Ansila alikuwa ameshavuta kiti hadi kitanda cha nne na kumshika Fulko mkono. Alinitazama, bado amenikasirikia, akaniuliza: "Leokadia, unakubali?"

"Nakubali. Nusu."

Nikaiweka bangili kwenye nusu, nikaifunga. Fulko akapiga yowe, na mimi, ambaye miaka yote nimebeba nikiuma meno, nikapiga la kwangu. Mfawidhi akatoka, akavuta mlango nyuma yake, akausukuma mara ya pili kuhakikisha umefungika, ili asitusikie.